Usangu Iwe Darasa: Kufundisha Uchakataji wa Picha za Setilaiti Mbeya na Iringa



Hoja yangu ni moja: mwanafunzi wa jiolojia au jiografia katika vyuo vyetu asifunguliwe programu ya kuchakata picha kabla hajakokotoa pikseli moja kwa mkono, tena pikseli ya mahali anapoweza kufika kwa basi.

Bonde la Usangu liko mlangoni petu. Mito inayoshuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere hunywesha mpunga wa Mbarali, huingia kinamasi cha Ihefu, kisha maji hupita kizingiti cha miamba cha Ng'iriama na kuendelea na Ruaha Mkuu kuelekea mabwawa ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Lawama hurushwa kwa wakulima, kwa wafugaji, kwa mvua. Ushahidi wa picha upo: mfululizo wa setilaiti za Landsat unapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zake ni bure. Setilaiti mbili za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa 2015, zilituletea picha ya kila siku 5 yenye pikseli za mita 10.

Tuanze na kipimo cha ukijani. Chukua pikseli ya mpunga uliokolea: uakisi wa infraredi ya karibu ni 0.40, wa nyekundu 0.05. Toa, upate 0.35, jumlisha, upate 0.45, gawanya, jibu ni 0.78. Udongo mtupu wenye 0.25 na 0.20 hutoa 0.11 tu. Aliyefanya hesabu hiyo ubaoni anajua kwamba jani lenye afya humeza nuru nyekundu na kurudisha infraredi. Aliyebofya tu anajua rangi ya ramani.

Sasa mpe mwanafunzi picha ya Usangu ya Oktoba. Ataona madoa meusi na atayaita maji. Mengine ni maji kweli. Mengine ni mashamba na nyasi zilizochomwa. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mwache abishane na wenzake, kisha afungue bendi za infraredi ya mawimbi mafupi: maji hubaki meusi, eneo lililoungua hung'aa zaidi. Akimaliza, apelekwe uwandani akiwa na GPS, akanyage majivu yenyewe, amuulize mwenye shamba alichoma lini. Nasisitiza kumuuliza mkulima, kwa sababu tarehe ya moto haimo ndani ya picha.

Kwa Iringa, Mufindi inatosha. Misonobari ya Sao Hill na chai vyote ni kijani mwaka mzima, hivyo rangi peke yake haimsaidii mtu; lazima asome maumbo ya vitalu na barabara za kuzuia moto.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Programu ya QGIS ni bure. Kikwazo ni intaneti, maana faili moja la Sentinel-2 hufikia mamia ya megabaiti. Idara ipakue mara moja, ikate eneo la Usangu, igawe kwa flashi.

Naomba basi vyuo vya Mbeya na Iringa tukubaliane zoezi moja la pamoja la Usangu, la masika na la kiangazi, na kila mwaka wanafunzi waongeze vipimo vyao vya uwandani katika hazina moja. Idara iliyo tayari kuanza msimu huu ijiandikishe kabla hatujatawanyika.