Msalaba kortini, mkuki mnarani

Huko Maryland nchini Marekani, msalaba wa mita 12 unaowakumbuka wanajeshi 49 wa Vita Kuu ya Kwanza ulifikishwa hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua ubaki.

Sisi Tanzania tuliepukaje kesi kama hiyo ya alama ya dini kwenye mnara? Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, tangu 1927 ni mwanajeshi na bunduki yenye singe tu. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, minarani huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, hata shoka. Sheikh anaomba dua, mchungaji anasali, kisha wanaondoka, mnara haubadiliki. Halmashauri zinazopanga kujenga minara, hapa Simiyu na kwingine, zishike utaratibu huo.