Mnada Umefutwa, na Umeme Je?

Wasikilizaji wetu wa Uvira, Kiliba, Makobola na mwambao mzima, habari mliisikia: mwaka 2024 Kinshasa ilifuta mnada wa vitalu vya mafuta uliozinduliwa Julai 2022. Vitalu 27, na 11 kati yake viko kwenye bonde la Tanganyika. Wengi walifurahi. Lakini sikilizeni sababu. Zabuni zilichelewa, nyingine hazikufuata utaratibu, ushindani ulikosekana. Hakuna aliyetaja samaki wetu wa ndagala. Hakuna aliyetaja mikebuka. Hakuna aliyetaja maji ambayo nchi nne zinakunywa. Mnada ulioangushwa na makaratasi unaweza kurudi siku makaratasi yakikaa sawa, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie. Mafuta yakimwagika humu, wajukuu zetu watayakuta. Tena maji yenyewe tayari yanazidi joto. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba joto hilo linazuia rutuba ya vilindini isipande juu kulisha samaki.

Tunaambiwa nchi lazima ikue, na haiwezi kukua bila nishati. Sawa, hatubishi. Na umeme je? Tangu 1958 mto Ruzizi unazungusha mitambo ya umeme pale Mururu. Mwaka 1989 ukaja mtambo wa pili, Ruzizi ya pili. Ya tatu, ya megawati 206 kwa Kongo, Rwanda na Burundi, tunaisikia mikutanoni tu. Maji hayo yakishazungusha mitambo yanashuka bonde zima na kumwagika hapa mlangoni petu. Maji yanafika kila siku. Umeme unafika siku ukitaka wenyewe.

Umeme ukikatika, Regideso, shirika la maji, haisukumi maji. Mama anachukua bidoni, anashuka ziwani, anachota palepale watoto wanapooga. Watafiti walifuatilia wagonjwa wa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakakuta kwamba siku moja bila maji bombani inafanya wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wazidi mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Siku moja tu! Na sisi tunakaa siku ngapi?

Umeme ukikatika, tunapika na nini? Makala. Magunia yanaingia mjini kila asubuhi, midomo imezibwa kwa majani na kufungwa kamba, vumbi jeusi likidondoka njiani. Kila gunia ni miti iliyokuwa imeshika udongo wa mlima. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukaua watu zaidi ya 40, ukabeba nyumba, ukabeba daraja. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, na tulikuwa tumejenga kingoni. Lakini mlima uliovuliwa miti hauwezi kuzuia maji. Na mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda, likaingia majumbani.

Wapo wanaomlaumu mama muuza makala. Wamekosea. Mpeni umeme wa bei anayoiweza, muone kama atapenda moshi wa mbabula machoni mwake. Na umeme je, waheshimiwa? Miaka yote hii, na umeme je?

Wabunge wetu wa taifa na wa jimbo, tangazo la waziri la kufuta mnada halitoshi. Vitalu vya Tanganyika viondolewe kwa sheria, asije waziri mwingine akavirudisha. Mtambo wa Regideso upewe laini yake ya umeme isiyokatwa, bonde la mto Mulongwe lipandwe miti kuanzia juu. Vijana wa Kavimvira, wavuvi wa Kalundu, akina mama wa soko la Mulongwe, msingoje kuitwa! Nendeni kwa meya, nendeni kwa wabunge, waandikieni, wapigieni simu. Kikao cha bunge cha Septemba huisha tarehe 15 Desemba. Wasirudi huku mikono mitupu.