Tabaka la Kwanza: Vimiminika vya Ioni Vinapogusa Kitu Kigumu



Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza habari za nitrati ya ethilamonia, chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Ndani yake hamna maji wala kiyeyushi kingine. Ni ioni chanya na ioni hasi tupu. Chumvi za namna hii ndizo tunazoziita vimiminika vya ioni.

Hoja yangu leo ni moja: manufaa ya vimiminika hivi huamuliwa mpakani, katika nanomita chache zinazogusana na kitu kigumu.

Tuchukue ulanga. Madini haya hubanduka karatasi kwa karatasi, na uso unaobaki huwa tambarare hadi kiwango cha atomi. Katika fuwele yake, baadhi ya nafasi za silikoni zimeshikwa na alumini, na hapo ndipo inapotokea chaji hasi, ambayo ioni za potasiamu huisawazisha. Uso huo ukizama katika kimiminika cha Walden, potasiamu hung'oka na ethilamonia huchukua nafasi yake. Upande wake wenye nitrojeni hushikamana na ulanga. Mkia wa kaboni hubaki nje. Mikia hukusanyana na mikia, chaji na chaji kinyume yake, na hivyo tabaka la pili hujipanga juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, mpaka mpangilio unapofifia.

Mwaka 1988 watafiti Horn, Evans na Ninham walisogeza karibu nyuso mbili za ulanga zenye kimiminika hiki katikati. Nguvu kati ya nyuso hizo ilipanda na kushuka kila tabaka lilipokamuliwa nje. Ncha ya hadubini ya nguvu za atomi huonyesha jambo hilohilo: husukuma, huzuiwa, kisha hupenya ghafla, kila hatua takriban nusu nanomita.

Tabaka hilo la kwanza ndilo linalozuia vyuma viwili visikwaruzane pale kimiminika cha ioni kinapotumika kama kilainishi. Katika kapasita kubwa, ioni zinazojipanga kwenye elektrodi ndizo zinazohifadhi nishati. Mwaka 2007 mtafiti Kornyshev alieleza kwa nini nadharia ya miyeyusho hafifu haitoshi hapa: ioni zina ukubwa, na zikisongamana nafasi hujaa.

Kwenu wanafunzi nina ombi. Vimiminika vingi vya ioni hufyonza unyevu wa hewani, na mwambao wetu una unyevu tele. Maji kidogo tu yakifika mpakani husaidia kung'oa potasiamu kwenye ulanga na kubadili tabaka zote zinazofuata. Kausheni sampuli zenu, pimeni maji yaliyomo, na muandike kiasi chake katika kila ripoti. Asiyepima maji hajui amepima nini.