FOLENI YA BAHARINI, BILI YA DODOMA

(Maneno kwa vijana wa vijiweni)



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Wewe wa bodaboda unasikia bei, unaguna, unajaza lita mbili, unaondoka. Leo nakuuliza: bei hiyo inapikwa wapi?

Tuanzie Kigamboni. Mwaka 1966 kilifunguliwa pale kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, ubia wa Tanzania na Waitaliano. Meli ilileta mafuta ghafi, mtambo ukayachemsha, zikatoka petroli, mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito. Mtambo wa namna hiyo huuambii, "Leo toa petroli tupu!" Vyote hutoka pamoja. Tangi la mafuta mazito likijaa na mnunuzi hakuna, mtambo wote hupunguza kasi au kuzimwa, hata kama petroli imeadimika mjini. Kwa hiyo roho ya kiwanda ni ratiba: meli ifike lini, tangi lipi liwe tupu, lori lipakie saa ngapi.

Usafishaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990, TIPER ikabaki ghala. Mtambo ulizimwa, lakini hesabu ya ratiba iko palepale. Sasa tunanunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo, yanayoagizwa kwa pamoja chini ya PBPA, wakala ulioundwa mwaka 2015. Meli ikikuta gati lina meli nyingine, au matangi yamejaa, hutia nanga ikangoja. Na mwenye meli hangoji bure. Muda uliokubaliwa ukipita, kila siku anadai dola zake.

Nani analipa? Soma hesabu ya bei ya EWURA. Utakuta humo gharama za meli kusubiri. Mlipaji ni wewe mlalahoi, na meli hujapata hata kuiona!

Kisha ongeza nauli ya lori, kilometa zipatazo 450 kupitia Morogoro. Barabara hiyo tunaijua. Agosti 2019 pale Msamvu lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na vidumu, moto ukalipuka. Waliokufa walikuwa wapatao 100, wengi vijana kama sisi.

Tusidanganywe kwamba kila shilingi inapandishwa na Waarabu na soko la dunia. Bei ya dunia hatuipangi. Foleni ya Kigamboni tunaipanga wenyewe, na anayeipanga vibaya hakatwi mshahara.

Basi tusiishie kuguna. Bunge liko hapa hapa Dodoma. Mbunge akija kijiweni kuomba kura, mwulize mambo matatu. Mwezi uliopita meli zilingoja siku ngapi, na kwa uzembe wa nani? Matangi yanaongezwa lini? Reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, italeta na mafuta lini?

Akicheka, mnyime kura. Akijibu, andika jibu lake, na mwezi ujao mwulize tena.