Nani Aishike Bei ya Korosho?



Mwezi wa Agosti, mikorosho ikiwa katika maua, mwulize mkulima wa Milola, mkoani Lindi, korosho zake zitapata bei gani. Atakujibu kuwa hajui. Salfa ameshapuliza kuzuia ubwiriunga. Bei ataisikia mnadani. Jibu hilo mkulima analitamka bila haya. Mkubwa wa ofisi halitamki. Akipanga bei akakosea, atasema alijitahidi. Akiliachia soko bei ikaanguka, ataulizwa alikuwa amelala wapi. Basi huona afadhali aishike.

Miaka ya 1970 serikali iliunda Mamlaka ya Korosho, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Bei ikawa inatangazwa na serikali, na kwenye makaratasi kila kitu kikawa kinajulikana. Lakini malipo yalikuwa madogo, na wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao. Mashamba yakaota msitu. Mavuno ya tani 145,000 za msimu wa 1973/74 yalishuka chini ya tani 20,000 kufikia 1986/87. Ubwiriunga nao ulichangia, tusiwaonee watawala.

Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima apeleke korosho chama cha msingi, wanunuzi washindane mnadani. Ni mpango mzuri, lakini mwenye kuusimamia lazima akubali kwamba iko siku bei itakuwa mbaya.

Siku hiyo ilifika Oktoba 2018. Msimu uliotangulia kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Safari hii wanunuzi walileta bei ambazo wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa. Novemba 12, Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, aliwaweka kando wanunuzi na kuagiza korosho zote zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300, jeshi lizisombe. Wakulima walishangilia, nami siwalaumu.

Kisha ukaja uhakiki. Mwenye magunia mengi alitakiwa aonyeshe shamba, asije akawa mtu wa kangomba. Wako walioingia mwaka 2019 hawajalipwa, na mikorosho haingoji. Wasiwasi wa bei uliondolewa mnadani ukahamia nyumbani kwa mkulima, akilala na kuamka anauliza atalipwa lini. Serikali nayo ikabaki na maghala yaliyojaa, ikitafuta mnunuzi katika soko lile lile la dunia iliyokuwa imelikwepa.

Mkulima naye, tuseme kweli, ana kangomba yake. Akibanwa na mahitaji ya shule huuza korosho zingali maua, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya leo. Hakuna anayeununua uhakika kwa bei ghali kama yeye.

Tangu msimu wa 2024 minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na mwanzo wake ulikuwa wa bei nzuri. Wakati wa bei nzuri kila mtu ni rafiki wa mnada. Msimu itakapoanguka, maana itaanguka, tutaona kama walioko juu wataweza kukaa kimya, bei isomwe mbele ya wakulima, nao waikubali au waikatae wenyewe.