Metali Nzito Udongoni na Mboga Tununuazo
(Mazungumzo na walaji, Kibiti)



Mnunuzi wa mboga huanza kwa macho. Fungu la mchicha likiwa bichi na lisilo na tundu la mdudu, fedha hutolewa. Kwa mambo mengi macho hayo hayakosei. Kwa metali nzito hukosea, na ndiyo sababu ya mimi kusimama mbele yenu.

Mizizi hufyonza kilichoyeyuka katika maji ya udongo. Kadimi, metali inayofanana na zinki, huweza kuingia kwa mlango uleule wa zinki. Ikizidi sana, mizizi hudumaa na majani huwa manjano. Lakini kiasi kinachotosha kumdhuru mlaji kwa miaka mingi huweza kukaa ndani ya jani lililonawiri. Mmea hauumwi, kadimi hulimbikizwa na figo za mlaji. Wajapani wa bonde la mto Jinzu waliyajua hayo kwa wali wa kila siku: mto uliobeba taka za mgodi ulimwagilia mpunga wao, na mifupa yao ikalainika hata ikavunjika. Serikali yao ilikiri chanzo hicho mwaka 1968.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta risasi na kadimi katika mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam.

Risasi ina tabia yake. Hung'ang'ania udongo na mizizi, na majani huipata zaidi kwa vumbi na matope. Hiyo kwa sehemu kubwa huoshwa. Kadimi iliyo ndani ya jani haioshwi, na moto hauiunguzi.

Kwetu delta, uangalieni udongo wa mikoko. Ukiwa chini ya maji, salfa yake huzifunga metali. Mikoko ikifyekwa kwa ajili ya mpunga na udongo ukakauka, salfa hiyo huzaa tindikali, na udongo mchachu huachia kilichofungwa. Ndiyo maana betri kuukuu, iwe ya sola au ya tochi, haitupwi shambani wala mtoni. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha jinsi maji yanavyozoa kila kilichoachwa bondeni. Mkulima aliye nasi hapa atasaidiwa na chokaa, ipunguzayo uchachu, na mboji.

Nanyi wanunuzi, msiulize bei tu. Ulizeni bustani iko wapi: ikiwa juu ya jalala la zamani, kando ya gereji au penye majivu ya taka, pitieni kwa muuzaji mwingine, hata kama mchicha wake ni mzuri kuliko wote sokoni. Osheni mboga kwa maji safi zaidi ya mara moja. Viazi vitamu na mihogo vimenywe vizuri. Mwenye shaka juu ya chakula kinachouzwa alifikishe Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula tangu mwaka 2019, akitaja soko na mahali mboga ilipolimwa.