Teremko, Mafuta na Usingizi wa Dereva



Kisiwa chetu cha Pemba ni cha vilima na mabonde. Baadhi ya madereva wa gari za mizigo, kwa kutaka kubana mafuta, huzima injini wanapofika kwenye teremko. Injini ikizimwa, breki na usukani huwa vizito, na gari iliyosheheni magunia ya karafuu haizuiliki kwa urahisi. Teremkeni mkiwa kwenye gia ndogo, bila kukanyaga mafuta. Injini yenyewe itaishika gari. Mafuta hubanwa kwa tairi zenye upepo wa kutosha, mzigo wa kadiri na mwendo wa taratibu.

Kutoka bandari ya Mkoani hadi Konde si mbali. Hata hivyo, aliyekesha akisubiri meli huanza safari akiwa tayari amechoka. Kufungua dirisha hakuondoi usingizi. Egesha pembeni mahali pa salama, lala dakika 20, kisha endelea.

Nanyi wenye mizigo, msimhimize dereva anayesinzia. Mzigo uliochelewa hupokelewa. Roho iliyopotea hairudi.